Ruti Namba 11

Ukimuuliza mamangu alifikaje kazini siku ambayo matatu ziligoma, hakujibu mara moja. Anatoa vidole viwili, anavitembeza juu ya meza kama miguu ya mtu mdogo, halafu anasema, "Si nilipanda ruti kumi na moja." Mtu wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa. Namba 11 ni miguu yako miwili imesimama sambamba. Haina steji wala makanga, haipandishi nauli mvua ikinyesha, na malipo yake ni soli za viatu.

Mzaha huo si wake, ni wa jiji zima. Mimi mwenyewe niliuchukulia kama mzaha tu hadi nilipoanza kupanda treni ya asubuhi kutoka Githurai kwenda tao. Treni inakupa muda wa kutazama nje na kujiuliza maswali ambayo kwenye mathree, na muziki ule, huwezi kujiuliza. Kwa nini kituo jirani chetu kinaitwa Kahawa? Kwa nini watu wa kwetu wakiulizwa wanakoishi wanajibu kwa namba, "44" ama "45", kama mahabusu? Na kwa nini reli inazungukia Mwiki na Dandora hadi Makadara kabla ya kufika mjini, ilhali Thika Road iko pale pale, imenyooka?

Swali la tatu ndilo rahisi. Reli hii haikujengwa kwa ajili ya mtu anayekimbilia kuingia kazini saa mbili.

Tuanze mwanzo, ila haraka, maana sehemu hii mliisoma shuleni. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Tarehe 30 Mei 1899 vyuma vilifika kwenye tambarare yenye maji baridi ambayo Wamaasai waliiita Enkare Nairobi. Wahandisi walitaka mahali pa wazi pa kupanga mabehewa, kuweka karakana na kuvuta pumzi kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Hakuna aliyekuwa akitafuta mahali pa kujenga jiji. Jiji lilijileta lenyewe nyuma ya karakana, na kufikia 1905 lilikuwa makao makuu ya serikali ya kikoloni.

Nikiwa darasa la tano tulipelekwa kwenye makumbusho ya reli, pale nyuma ya stesheni. Kuna behewa ambalo simba aliingia usiku na kumtoa Ryall, afisa wa polisi, katika kituo cha Kima mwaka 1900. Darasa zima lilisongamana hapo. Tulirudi nyumbani tukiwa na hadithi moja tu, ya mzungu aliyeliwa na simba akiwa ameketi kumvizia simba huyo huyo. Ni hadithi tamu, sikatai. Lakini kuna historia nyingine ya reli iliyokuwa ikipita nje ya ukuta wa makumbusho wakati ule ule, imening'iniza watu milangoni, na hakuna mwalimu aliyetuonyesha kidole huko.

Tawi la kwenda Thika lilifunguliwa mwaka 1913. Walowezi waliokuwa wakilima kahawa na mkonge kati ya Nairobi na Thika ndio waliolihitaji. Kwenye makaratasi ya wakati huo liliitwa tramu ya Thika, neno dogo kwa kazi kubwa. Sasa fikiria: mtu anayejenga reli ya magunia hatafuti njia fupi ya kumfikisha karani ofisini. Anatafuta mteremko ambao injini itaumudu, na anapita penye magunia. Ndiyo maana tunazunguka. Na ndiyo maana jina la kituo cha Kahawa halihitaji mtaalamu. Abiria wa kwanza wa njia hii alikuwa gunia.

Mwafrika alikuwa na nafasi yake kwenye treni za wakati huo, daraja la tatu. Lakini hiyo ilikuwa safari ya kwenda kutafuta kazi na kurudi nyumbani mkataba ukiisha. Safari ya kutoka asubuhi na kurudi jioni, hii tunayoiona kuwa ndiyo maisha yenyewe, haikuwamo katika hesabu za wakubwa. Kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni kikieleza anamfanyia kazi nani. Mshahara ulipimwa kama wa mtu asiye na mke wala watoto. Wafanyakazi wa reli waliwekwa kwenye nyumba za reli, Muthurwa na baadaye Makongeni. Wengine walisukumwa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni. Ukiiangalia ramani ya Eastlands utaona mantiki yake: nyumba, reli na viwanda vimepangwa karibu karibu. Mpango mkuu wa jiji uliochapishwa 1948, ulioandaliwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ulijiita bila haya mpango wa jiji kuu la kikoloni.

Kwa hivyo ruti 11 si ajali. Ilipangwa. Mfanyakazi aliwekwa umbali wa kutembea, ili asihitaji kusafirishwa. Na aliyeishi mbali zaidi, kule Dagoretti ama Kiambu, aliamka kabla ya jogoo, na hilo lilikuwa shauri yake.

Mabasi yalikuja 1934. Kampuni ya Uingereza iliyoitwa Overseas Motor Transport ilianza kuyaendesha mjini, na kutokana nayo ikapatikana Kenya Bus Service, ile KBS ambayo wazazi wetu bado wanaitaja kwa sauti ya mtu anayemtaja mpenzi wa zamani. Kampuni ilipewa haki ya kuwa peke yake barabarani. Kama hupendi nauli yake, ama ratiba yake, unajua namba ya ruti iliyobaki.

Na kuna wakati watu waliichagua ruti hiyo kwa makusudi. Mwishoni mwa 1953, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, Mau Mau walitoa amri kwa Waafrika wa Nairobi: msipande mabasi ya kampuni. Sigara na bia za mzungu nazo zikapigwa marufuku. Watu wakatoa baiskeli, wakatoa miguu. Mgomo ukaingia 1954. Nililikuta jambo hili nikiwa chuoni, aya moja tu ndani ya kitabu kinene kilichokuwa kikizungumzia mambo mengine, nikakaa nikiitazama ile aya. Sisi sote tunajua kuhusu Rosa Parks na watu weusi wa Montgomery, Marekani, waliosusia mabasi kuanzia Desemba 1955. Tumefanya insha kuwahusu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Nairobi ilikuwa imeshatembea zaidi ya mwaka mmoja kabla yao.

Sitaki kuipamba. Wapo waliotembea kwa imani, na wapo waliotembea kwa kuogopa kitakachowapata wakionekana dirishani mwa basi. Wengi pengine walitembea kwa yote mawili. Kisha alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi wakalizingira jiji katika Operesheni Anvil, wakawakusanya watu mtaa kwa mtaa, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa vizuizini. Siku hiyo usafiri ulipatikana. Malori yalikuwepo ya kutosha.

Uhuru ulipofika, vizuizi vya kuingia jijini vilianguka na watu wakaja. Sensa ya 1969 ilihesabu watu kama 509,000 Nairobi. Kufikia 1979 walikuwa zaidi ya 827,000. Mabasi ya KBS yalibaki na hakimiliki yao, sasa baraza la jiji likiwa na hisa, lakini watu walikuwa wanajenga mahali ambapo basi halikufika, na kuamka saa ambazo basi lilikuwa bado limelala. Magari makuukuu yakaingia katikati: Ford, Peugeot, chochote chenye injini na mlango unaofungwa kwa waya. Nauli ilikuwa senti thelathini, sarafu tatu za kumi kumi, na kutoka kwa hizo sarafu tatu likazaliwa jina matatu. Serikali iliyaita magari ya wizi. Polisi waliyafukuza. Halafu 1973 Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba yanaweza kubeba abiria bila leseni ile ya usafiri wa umma. KBS ikalalamika, na haki ilikuwa upande wake kisheria. Lakini sheria haikuwa imewahi kumpeleka mtu wa Mathare kazini.

Hapa ndipo namba zinaingia, na naomba tukae kidogo, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayonifurahisha zaidi.

KBS ilikuwa na ofisi, na ofisi hupenda namba. Kila njia ikapewa yake. Matatu zilipoanza kufuata njia hizo hizo na kunyang'anya abiria kwenye steji zile zile, zilichukua na namba. Hakuna mkutano uliofanyika. Abiria alishazoea kwamba 8 ni Kibera, 46 ni Kawangware, 58 ni Buruburu, 111 ni Ngong, na dereva mwerevu hamfundishi abiria hesabu mpya. Kisha kampuni yenyewe ikaanza kuchoka. Mwaka 1986 serikali ilileta mabasi ya Nyayo kushindana nayo, na hayo yakafa ndani ya miaka kama kumi. Mwaka 1991 KBS ilinunuliwa na Stagecoach ya Uskoti, yakaja hata mabasi ya ghorofa, na 1998 Waskoti wakauza wakaenda zao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabasi yale yakaanza kupotea barabarani moja baada ya jingine. Namba zikabaki.

Kwetu Githurai zilifanya zaidi ya kubaki. Mashamba ya walowezi kandokando ya barabara ya Thika yalinunuliwa, yakakatwa ploti, ploti zikaota maghorofa, na watu wakaingia kwa kasi ambayo hakuna afisa angeweza kuifuata na vibao vya majina. Upande mmoja wa barabara uliendewa na basi namba 44, upande wa pili na namba 45. Basi hivyo hivyo. Githurai 44, Githurai 45. Nimekulia katika mtaa uliobatizwa na kibao cha mbele ya basi. Jirani zetu wa Zimmerman angalau wana mtu: Mjerumani aliyekuwa akiwakausha wanyama waliopigwa risasi na wawindaji ili wakatundikwe ukutani. Sijui nani ana bahati kati yetu.

Kwa hivyo ukiona 45 kwenye kioo cha nganya yenye taa za buluu na sura ya mwanamuziki ubavuni, unasoma maandishi ya karani wa kampuni ambayo wengi wenu hamkuwahi kuipanda. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walizunguka na simu mkononi, wakachora ramani ya kwanza kamili ya njia za matatu, zaidi ya 130, na mwaka uliofuata zikaingia kwenye Google Maps. Karatasi ya karani sasa iko mfukoni mwako.

Mamangu hakuwahi kuhitaji ramani. Alikuwa akishona katika kiwanda kimoja cha nguo Industrial Area, na kutoka Githurai treni ilimfaa kuliko matatu kwa sababu ilimshusha Makadara, na nauli ilikuwa nafuu. Ilikuwa treni ya kweli ya zamani, injini ya dizeli ikivuta mabehewa yaliyochoka, vijana juu ya paa, wanaume milangoni. Yeye alipanda behewa la wahubiri. "Wale wanaimba hadi Dandora," aliniambia, "lakini angalau mtu hakuingizii mkono kwa mkoba huku anasema haleluya." Alipochelewa treni alirudi kwa matatu, akalipa mara mbili, na kushuka tao ili apande nyingine.

Tarehe 1 Februari 2004 zilianza kutumika kanuni ambazo kila mtu anaziita sheria za Michuki, kwa jina la John Michuki, waziri wa uchukuzi. Vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, mstari wa manjano, sare kwa dereva na makanga, watu 14 na si zaidi. Zilikuwa kanuni nzuri. Ndugu zetu walikuwa wanakufa kwenye magari yaliyojaa kama makopo ya samaki. Lakini tarehe 1 ilikuwa Jumapili, na Jumatatu asubuhi magari mengi yalikuwa hayajatimiza masharti. Steji ilikuwa tupu. Treni ilipita imejaa hata mahali pa kushika hapakuwepo.

Mama alitembea. Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka ile asubuhi, barabara ya Thika imejaa watu wakienda upande mmoja, kimya, kama watu wanaotoka mazishini. Alifika kiwandani saa nne na nusu. Walimkata nusu siku. Jioni akarudi vivyo hivyo, na siku ya pili, na ya tatu akafunga kitambaa kwenye kisigino na kuvaa raba za kakangu. Nilipomuuliza juzi kama alikasirikia serikali, alifikiri kidogo. "Serikali? Hapana. Nilikasirikia supavaisa. Yeye alikuwa anaishi South B."

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko vitabu vyote nilivyosoma kwa ajili ya makala haya. Tangu siku za kipande, jiji hili limempima mtu kwa saa anayofika bila kuuliza ametoka wapi.

Novemba 2012 ilikuwa na sherehe mbili. Tarehe 9 Rais Kibaki alifungua Thika Road mpya, ile ya leni nane. Siku nne baadaye alifungua kituo cha treni cha Syokimau, na uwanja wake wa kuegesha magari kwa wale wenye ya kuegesha. Reli ya kwetu ilisubiri. Thika Road ilitupa kasi, na pia ikatupa barabara ambayo kuivuka kwa miguu ni kucheza na roho yako. Mpaka leo, hesabu za vifo vya barabarani nchini huongozwa na waliokuwa wakitembea. Mwaka 2018 mistari mekundu ilipakwa kwenye lami kutangaza njia maalumu ya mabasi ya haraka. Rangi ilififia, matatu zikiendelea kuikanyaga.

Mwaka huo huo, Jumatatu ya tarehe 3 Desemba, serikali ya kaunti ilizizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Zetu ziliishia Ngara. Watu wakashuka na kutembea, wazee, wajawazito, wenye magunia ya sukuma mgongoni. Mama alikuwa ameacha kazi ya kiwanda kufikia hapo, na aliangalia yote hayo kwenye runinga akinywa chai. Alipiga simu. "Uko wapi?" Nikamwambia niko Globe, natembea. Akacheka hadi akakohoa. Amri haikudumu hata siku mbili.

Treni tunayopanda sasa ilizinduliwa Novemba 2020. Mabehewa yake yana injini ndani yake yenyewe, viti vya kitambaa na madirisha mapana, na yalinunuliwa yakiwa yameshatumika, kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, ambako yalikuwa yakipeleka watu kazini na watalii ufuoni. Wapo waliokasirika mtandaoni. Mimi nilishangaa kwa nini tukasirike sasa: nguo tulizovaa wakati tunaandika hasira hizo zilitoka Gikomba.

Juzi Jumamosi nilimpandisha mama treni hiyo, mara yake ya kwanza. Alikaa dirishani, akauminya ule mto wa kiti kwa vidole viwili, namna anavyominya sweta kabla ya kuuliza bei.

"Hii ni camera?" akauliza.

"Mtumba, mathe. Ya Spain."

"Lakini ni grade one," akasema, akaegemea.

Tulipita Makadara bila yeye kusema neno. Alitazama tu upande wa viwanda hadi vikaisha. Dandora kijana mmoja akamwachia kaka yake mdogo kiti, Mwiki wakaingia wanawake wenye ndoo. Githurai wauza nyanya waliokuwa wametandaza magunia juu ya reli waliyainua treni ilipopiga honi, bila haraka. Tulishuka. Nyuma yetu magunia yalikuwa yameshatandazwa tena hata kabla ya behewa la mwisho kupita vizuri.

Vijana wa boda boda walituita. "Mathe, panda, ni mbao tu." Nikatoa pochi. Mama alikuwa tayari ametangulia, mkoba kwapani, akipita katikati ya mafungu ya vitunguu. Bila kugeuka aliinua mkono juu ya kichwa chake na kuchezesha vidole viwili.